Punda wa Mahari Anamlilia Mwenzake

Kwako Bi. Zuwena, mshauri wetu wa gazetini, pokea shikamoo yangu hata kama huenda mimi ndiye mkubwa, na ikiwa nimekupita umri utanirudishia siku tukionana. Sikufichi, mimi sikuwa msomaji wako. Ukurasa wako niliupata umefungiwa sukari dukani, mke wangu Zipporah akaunyoosha juu ya goti akausoma wote kabla hajainjika chai, akaniambia, "Mwandikie huyu mama, maana hapa Ganda kila unayemuuliza anacheka." Basi nimekaa naandika, na naomba usicheke, au kama ni kucheka ucheke kwanza kisha unijibu.

Naitwa Kalama, ni Mgiriama, nina shamba la minazi hapa Ganda, nje kidogo ya Malindi, na binti yangu Kahonzi ameolewa Ganze kwa mzee mmoja aitwaye Randu, na mumewe ni Jefwa mwana wa huyo mzee, kijana mtulivu ambaye sina neno naye. Mahari tulikuwa tumepatana mbuzi, lakini ule ukame wa mwaka wa themanini na nne uliwamaliza mbuzi wa Randu, nawe unajua Ganze ilivyokuwa, watu walifuata maji mwendo wa kutwa, kwa hiyo tulipokaa kikao cha mwisho, tembo la mnazi limekwisha kuletwa na wazee wa pande zote wamekwisha kuonja, nikasema mimi ni mtu wa huruma, mbuzi nawasamehe, ila nimeona una punda wawili wa kubebea maji, nipe mmoja anibebee nazi zangu kwenda sokoni, baiskeli imenichosha, na maneno yaishe.

Randu akachorachora chini kwa bakora yake, kisha akasema, "Mkwe mwenzangu, taja kitu kingine. Hawa punda ni wawili." Nami, Bi. Zuwena, na kata ya mnazi mkononi, nikamjibu, "Nimeona ni wawili, ndiyo maana naomba mmoja!" Kikao kizima kikaangua kicheko, hata mimi mwenyewe nikacheka kwa jinsi nilivyojibu vizuri. Randu hakucheka wala hakubisha. Kwetu neno likishasemwa mbele ya mnazi limesemwa, na mtu muungwana hagombani na mkwewe juu ya mnyama. Alikwenda mwenyewe zizini akamfunga kamba yule niliyemchagua, punda dume mwekundu, mnene, mwenye mwendo, akanikabidhi kwa mikono miwili, na yule jike wa kijivu akabaki.

Sasa sikiliza mambo ya huyu punda. Tangu afike kwangu analia, asubuhi analia na jioni analia, wala si ule mlio wa punda ambao mtu huuzoea, huu ni mlio wa kuita, anaita kisha anatega masikio anangoja kujibiwa, asipojibiwa anaita tena, na uso wake ameuelekeza bara, upande wa Ganze, hata ukimgeuza anarudi vile vile. Nikasema ni ugeni, utapita. Haukupita. Nikimpa majani anayanusa tu, pumba za mahindi anazigusa kidogo kama mgonjwa anayeonja uji ili kumridhisha mama yake, na nikimtwika shogi la nazi twende sokoni, tukifika pale panda ya njia ya kwenda bara anakwama hapo, Malindi haendi na nyumbani harudi, na mimi kwa hasira nikamchapa, tena si siku moja.

Kisha nikaanza kuona vituko. Akitembea hashiki katikati ya njia, anashika ukingo wa kushoto na kuacha nafasi upande wa kulia, na mkifika penye shimo anapunguza mwendo na kupita pole pole, hata kama shimo lenyewe haliko mbele yake. Nikimpelekea maji anakunywa mafunda machache, halafu anarudi nyuma, anaiachia ndoo, anasimama anangoja. Anangoja nani? Ndoo ni yake peke yake, zizi ni lake peke yake. Jirani yangu Masha akasema huyo ana pepo, kamuuze kwa watu wa machimbo ya mawe, huko hata pepo hubebeshwa mawe. Watu wakacheka na mimi nikacheka nao, lakini moyoni sikucheka.

Aliyenifumbua macho ni Zipporah. Alikwenda Ganze kumtazama Kahonzi, maana binti ni mjamzito, na aliporudi hata kanga ya safari hakuivua, alikwenda moja kwa moja kwa punda, akamkumbatia shingo akaanza kulia. Nikamuuliza, kuna msiba? Akasema, "Kalama, yule wa kijivu ni kipofu." Macho yote mawili, Bi. Zuwena, yamefunga utando tangu kabla ya ukame, na huyu wangu ndiye aliyekuwa macho yake. Walikuwa wakitembea ubavu kwa ubavu, kipofu amegusisha pua begani kwa mwenzake, wanakwenda lamboni na kurudi na madebe ya maji bila mtu kuwashika kamba, wakifika kwenye mtaro huyu mwekundu anapunguza mwendo ili yule ajue, na wakifika majini anaonja yeye kwanza, kisha anarudi nyuma kumpisha, hanywi tena mpaka yule atosheke. Hayo yote Kahonzi amesimuliwa na Jefwa ambaye amekua nao.

Sasa yule wa kijivu amebaki kusimama tu uani, kifua kina vidonda kwa kujigonga kwenye miti, na akisikia kwato zozote njiani anainua kichwa, hata ziwe za ng'ombe wa watu wengine. Kazi ya maji haiwezi tena, kwa hiyo maji yanaletwa na Kahonzi kichwani, na tumbo lile. Lakini jambo linalonishinda kabisa ni Randu. Randu hajalalamika. Hajatuma mtu, hajaleta neno, hajamwambia hata mwanangu kwamba baba yako alitufanyia hivi na hivi. Zipporah anasema amewaona jioni, mzee wa watu na bakora yake, ameweka mkono begani kwa yule kipofu, anamtembeza taratibu kwenda kunywa maji na njia nzima anaongea naye, na Zipporah alipotaka kumwomba radhi alimkatiza, akasema, "Mahari imeshatoka, mama. Tumepewa Kahonzi, sisi ndio tuliopata zaidi." Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemfanyia mzaha mbele ya wazee. Nimeishi kwingi na nimewaona wakubwa na matajiri, na sijui kama nimeona mtu ninayemheshimu kama Randu, mpaka nikimfikiria naona haya.

Basi nataka kumrudisha punda, na hapo ndipo nilipokwama. Kwetu mahari hairudishwi hivi hivi. Mtu akionekana anamswaga mnyama wa mahari kumrudisha alikotoka, maana yake ni moja tu, anakwenda kumchukua binti yake na ndoa imevunjika. Yupo mtu huku huku kwetu aliyerudisha mbuzi kwa sababu alikuwa anachechemea, hakuwa na neno jingine, ila habari ilimtangulia njiani ikavimba, na kabla jua halijatua binti yake alikuwa amefukuzwa na sanduku lake, na mpaka leo hajarudi kwa mumewe. Kaka yangu Kaingu, ambaye ndiye mkubwa wa mlango wetu katika ukoo, nilipomgusia alikuja juu, "Unataka kumwaga heshima ya mlango mzima kwa ajili ya punda? Na ukimrudisha bure, Kahonzi atakuwa ameolewa kwa nini, kwa salamu?" Kahonzi anampenda mumewe, mtoto yuko njiani, nikikosea hapa ni yeye atakayerudi kwangu na mzigo kichwani analia. Na nikinyamaza, huyu punda atakufa, mbavu zake sasa unaziona kwa mbali, na yule wa kule hatachukua muda kumfuata.

Nifanye nini, mama? Zipporah amesema nazi zibebwe na mgongo wangu mpaka jibu lako litoke, na hana mzaha yule.

Ni mimi Kalama, Ganda.

*

Bi. Zuwena anajibu:

Marahaba, mzee Kalama, na wewe pokea yangu, tusigombanie umri. Sikukucheka. Nilicheka mahali pamoja tu, pale pa kuolewa kwa salamu, na hapo nilimcheka Kaingu.

Nianze kwa kukukaripia ili tumalizane. Mtu mzima amekaa mbele yako, anachora chini kwa bakora, anakwambia hawa ni wawili, nawe unafanya maskhara! Hata kumuuliza ana maana gani hukumuuliza. Randu alikuwa anakuomba, ndugu yangu. Aliomba kwa maneno machache kwa sababu mbele ya wakwe muungwana haombi kwa mengi, na hilo unalijua kuliko mimi niliyezaliwa Shella huku mjini. Na hiyo fimbo uliyomchapia mnyama aliyesimama njia panda akimtafuta mwenziwe, mpe Zipporah akaipikie wali. Haya, yamekwisha, sitayarudia.

Sasa nikusifu, maana unastahili. Wewe umetazama. Masha ana macho kama wewe na aliona pepo, wewe ukaona ndoo. Ile habari ya ndoo niliisoma nikaiweka barua chini, nikaenda uani kumsomea dada yangu aliyekuwa akifua, naye akaacha kufua. Mnyama ana kiu, maji ni yake, hakuna anayemshindania, na bado anarudi nyuma kumpisha mwenziwe ambaye hayupo! Katika ukurasa huu nimeandikiwa na waume waliowakimbia wake zao wagonjwa, na ndugu wa tumbo moja wasiosemezana kwa sababu ya ukuta wa choo, na wallahi sijapata kuandikiwa habari za kiumbe mwenye adabu kama huyo punda wako mwekundu. Nimemwonea fahari utadhani ni jamaa yangu.

Na huyo Randu! Mwingine angekwisha mswaga yule kipofu porini akaliwe na fisi, na nani angemlaumu, katika nchi ambayo maji yenyewe ya kunywa watu ni ya kutafuta? Yeye anampa bega lake. Mtu aliyemhurumia punda kipofu hivyo hatamtesa mwanao, na hilo ukae nalo moyoni kila utakapoingiwa na wasiwasi juu ya Kahonzi. Mkwe umepata.

Haya, sikiliza vizuri. Punda usimrudishe. Usiseme kumrudisha, usifikirie kumrudisha, na mtu akikuuliza njiani unamrudisha, mkatalie. Mpeleke akafugwe. Nyinyi Wagiriama si mnawekeana mifugo? Mtu anampa rafiki yake ng'ombe amtunzie, mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Marehemu babu yangu, na ni Mswahili wa mjini hapa, alikuwa na ng'ombe wake kwa rafiki yake Mgiriama huko bara miaka na miaka, na hajatokea mtu kusema ng'ombe wale wamerudishwa. Dawa mnayo nyumbani, mnaitumia kila siku, mkifika kwenye punda mnaisahau. Alaa!

Kwa hiyo punda ni wa Kalama, analala kwa Randu, na maji anayabeba kwa ajili ya nyumba ya Kahonzi. Yule jike akijaliwa kuzaa, mtoto wa kwanza ni wako. Mwite Kaingu mbele ya wazee wa mlango umwambie hivyo waziwazi, na akikuuliza tena mwanao ameolewa kwa nini, mjibu kwamba ameolewa kwa punda ambaye mpaka leo ni mali ya babake, na kwamba punda huyo ndiye atakayemtua binti yenu debe kichwani wakati ana mimba. Heshima ya mlango haitamwagika, labda maji, na hayo yatamwagika Ganze wanakoyahitaji.

Ila habari isikutangulie. Hapo ndipo yule mwenye mbuzi alipoharibu, alitoka peke yake na mbuzi wake kimya kimya, akawaachia wapita njia waeleze badala yake. Wewe mtangulize Zipporah. Afike siku moja kabla yako, akae jikoni na Kahonzi, amweleze kila kitu huku anacheka, ili binti akikuona unakuja na yule punda asidondoke na tumbo lake. Jefwa naye aambiwe na mama mkwe, na kumweleza Randu amwachie Jefwa. Na punda mwenyewe asiende mtupu. Mtwike shogi lijae nazi pande zote mbili, na juu yake madafu ya mjamzito. Anayekwenda kuvunja ndoa hachukui zawadi, kila atakayewaona njiani atafahamu bila kuuliza. Na pale panda ya njia anapokwama, safari hii mwache achague mwenyewe, kisha umfuate.

Kaingu nenda naye. Akikataa mwambie Bi. Zuwena amesema aende, na kama ana la kusema aniandikie mimi, nina nafasi. Wachukue na wale wazee waliocheka, wote watakaoweza kutembea. Mnazi mtajua wenyewe, huko mimi simo. Mkifika, kabla punda hajaingia uani, sema kwa sauti watu wote wasikie: mahari nimeipokea, nimeridhika, sidai kitu, na nimekuja kumwomba mkwe wangu anifugie punda wangu. Usikilize jibu lake. Ndipo umtue mizigo na umfungue kamba hapo hapo mlangoni mwa ua. Usimvute, usimwongoze, usimpigie kelele. Njia anaijua, na yule wa kijivu atakuwa amekwisha sikia kwato zake kabla yenu nyote.

Usingoje mvua, usingoje soko, wala usingoje gazeti jingine. Mnyama asiyekula hana muda wa kungoja wazee wamalize vikao. Nazi zako zibebe kwa baiskeli kama ulivyokuwa ukizibeba zamani, hazijawahi kukushinda.

Basi kuna jambo moja la mwisho, na hili ni lako peke yako, hakuna wa kukusaidia. Punda wakishakutana, Randu atatafuta maneno ya kukushukuru na nina hakika hatayapata, maana huyo si mtu wa maneno. Usimwache ahangaike. Kaa naye pale pale mlipokaa siku ile, mbele ya wale wale waliocheka, umwambie, "Mkwe mwenzangu, ulisema kweli. Hawa punda ni wawili." Na safari hii asicheke mtu.